Mapenzi, Heri na Kalamu: Kejeli ya Grace Ogot na Kisasili cha Simbi Nyaima

Karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo, lipo ziwa dogo la magadi lililotulia ndani ya shimo la volkano. Wenyeji huliita Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Yasimuliwa kwamba ajuza mmoja alifika kijijini wakati wa sherehe akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, na usiku uo huo kijiji kikamezwa na maji. Mwaka 1983 Grace Ogot alikitia kisasili hiki kitabuni kwa Kidholuo. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu iliyozoeleka, kwamba mtunzi huyu ni mhubiri wa utii wa mke.

Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, akasomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi ya utangazaji BBC, kisha mwaka 1959 akaolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot. Katika mkutano wa waandishi wa Makerere mwaka 1962 aliisoma hadithi ambayo baadaye ilijulikana kama "The Rain Came". Humo binti wa mtemi, Oganda, anatolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Mpenzi wake, Osinda, anamwokoa njiani. Mvua inanyesha vilevile! Mtunzi hamlaumu mtu wala hahutubu. Anaiacha mbingu yenyewe iwaumbue wazee waliodai damu. Hapa ndipo ilipo kejeli ya Ogot, na wahakiki wengi wameipita mbio wakitafuta "mila" tu.

Riwaya ya The Promised Land (1966) inahusu Wajaluo waliohamia Tanganyika. Kwa msomaji wa Migori uhamaji huo si jambo la mbali, kwa kuwa mpaka wa kikoloni ulipita katikati ya watu wa lugha moja, hawa wakabaki Kenya, wale wakawa wa Mara. Ochola anautaka utajiri wa ugenini. Nyapol, mkewe, hataki kuondoka, ila anamfuata. Utajiri unapatikana. Kisha jirani mwenye husuda anamroga Ochola, naye anaota miiba mwili mzima, na hospitali ya Wazungu haimfai kitu. Mganga anamponya kwa sharti la kuiacha ardhi ile mara moja. Wanaosema kwamba Nyapol ni mfano wa mke mtiifu wanasahau swali dogo: kati ya wawili hawa, ni nani aliyesema kweli tangu mwanzo? Msuko mzima unamthibitisha Nyapol, wala hakuna amshukuruye. Jina la kitabu ni mzaha mchungu juu ya heri inayotafutwa mbali na nyumbani. (Tukiri kwamba usawiri wa jirani huyo mchawi una harufu ya chuki dhidi ya wageni, na kejeli ya mtunzi haikuugusa udhaifu huo.)

Katika Miaha (1983) suala la heri linageuzwa. Jembe lilijilimia lenyewe, na watu waliamriwa wasijichoshe. Bibi harusi Nyawir akalivunja katazo, na tangu hapo binadamu hula kwa jasho. Yaonekana ni lawama ya kale dhidi ya mwanamke. Hata hivyo Nyawir ndiye mhusika pekee mwenye udadisi, na raha anayoiharibu ni raha isiyomhitaji mtu yeyote kufikiri.

Ogot alianza kuchapisha kwa Kidholuo mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o kutoa riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu. Uamuzi wa Ngũgĩ ulizua mjadala wa dunia nzima. Wa Ogot ulipokewa kama kazi ya nyumbani. Okoth Okombo aliitafsiri Miaha kwa Kiingereza mwaka 1989. Mwanafunzi wa Rongo au Mbita anayemsoma Ogot katika Kiingereza pekee humpata nusu, nasi wa idara za Kiswahili, tunaojidai watetezi wa lugha za Kiafrika, tumemwachia Mwingereza mlango ambao ulitupasa kuufungua sisi.