Mchoraji aliyekufa ku Yanonge



Mtu yeyote aliyesoma agronomia hapa Kisangani anajua safari ya kwenda Yangambi kwa mto. Unapanda balenieri asubuhi ku bichi, unateremka na maji, na kisha karibu kilomita 60 unaona Yanonge upande wa kushoto: magunia ya makala, mihogo, wamama wenye kuuza kwanga. Wakati wa staji nilipita pale mara mingi. Hakuna mtu aliyeniambia kama ni pale mchoraji mmoja Mbelgiji alianguka ndani ya mto na kufa, tarehe 10 mwezi wa sita 1933. Alikuwa na miaka 49.

Jina lake ni Fernand Allard l'Olivier. Alizaliwa Tournai, Ubelgiji, mwaka 1883. Akiwa kijana alitoka kwao, akaenda Paris kujifunza kuchora ku Académie Julian. Paris ya wakati ule ilikuwa imeshabadilishwa na wachoraji wanaoitwa Waimpresionisti. Wale watu, ambao maonyesho yao ya kwanza yalifanyika mwaka 1874, walitoka ndani ya nyumba na kuchora inje, haraka, mbele jua halijageuka. Walionyesha kama kivuli si cheusi tu. Ukikiangalia vizuri, kiko na bluu na zambarau ndani. Allard l'Olivier alikuja nyuma yao sana, lakini lile jicho la mwangaza alilirithi. Vita vya 1914-1918 vilipofika, aliingia katika kikundi cha wachoraji wa jeshi la Ubelgiji.

Mwaka 1928 akafika Kongo mara ya kwanza. Fikiri mtu wa mawingu ya Tournai anakutana na jua letu la saa sita! Alichora vijiji, wacheza ngoma, wanawake. Kisha wakuu wa koloni wakamtumia: alitengeneza picha kubwa za mapambo kwa maonyesho ya kikoloni ya Antwerpen mwaka 1930 na ya Paris mwaka 1931. Kazi ya maonyesho yale ilikuwa moja: kuambia watu wa Ulaya kama koloni ni nzuri na mambo yanaenda vizuri.

Na hapa mimi, mtu wa kilimo, ninasimama kidogo. Tangu 1917 sheria ililazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao fulani, pamba ikiwa ya kwanza. Koko zetu wa mkoa huu walilima ile pamba kwa nguvu. Katika picha zake nilizoziona, jua liko, ngoma iko, ngozi inang'aa. Pamba ya lazima hamna.

Mwaka 1932 akarudi Kongo, na safari hiyo ndiyo iliishia ku Yanonge. Mwisho wa mwaka ule ule wa 1933 Wabelgiji wakaunda INEAC, ambayo makao yake makubwa hapa yalikuwa Yangambi, mbele kidogo ng'ambo ile ingine. Ndiyo INERA ya leo.

Wale waliofika Yangambi wanajua herbarium. Kila jani kavu liko na karatasi yake: jina, mahali lilitoka, tarehe, nani alilikata. Sasa angalia picha za Allard l'Olivier zinazouzwa katika minada ya Brussels. Mara mingi chini utasoma tu "mwanamke" na jina la kabila, ama "wacheza ngoma". Mchoraji tunajua hata siku aliyozaliwa. Yule mama aliyesimama mbele yake kwenye jua, hatujui alikuwa mama wa nani. Jani lilipata heshima kumpita.

Sisemi tumtupe mchoraji. Alikuwa fundi, na uso aliouchora kwa uangalifu umebaki, pengine pahali ambapo hakuna picha ingine yoyote ya mababu zetu. Lakini tusirudilie kosa lake. Sisi wote tuko na simu zenye picha za wazee, na hata moja haina jina.

Leo, mbele ya kulala, chukua picha moja ya koko wako. Andika jina lake lote, kijiji, mwaka. Kisha tuambie hapa chini: ni nani?