Ufunguo wa Sanduku

Februari 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na ndege zake za majini zikawa zinatua Kisumu, katika maji ya Ghuba ya Winam. Barua iliyozoea kukaa wiki kadhaa melini, kisha kupanda gari moshi Mombasa, sasa ilifika kwa siku kama kumi. Miaka sita baadaye, tarehe 29 Juni 1937, mambo yakarahisishwa zaidi: barua zilizotoka Uingereza kuja Afrika Mashariki zilipanda ndege bila ada ya ziada, kwa peni moja na nusu tu kila nusu aunsi.

Chombo kilikuwa kimebadilika. Mpokeaji je?

Nchini Kenya posta haikuzoea kumpelekea mtu barua hadi mlangoni. Aliyetaka anwani alikodi sanduku, akalilipia kila mwaka, akapewa ufunguo. Kwa karani au mwenye duka mjini hilo liliwezekana. Kwa mvuvi wa Rarieda au mkulima wa Nyakach, sanduku lilikuwa la shule, la kanisa au la duka la sokoni, na jina lake liliandikwa juu ya S.L.P. ya watu wengine. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Barua za wana waliokuwa wakifanya kazi Nairobi au Mombasa zilitolewa gwarideni asubuhi, mtoto akaitwa, akakabidhiwa bahasha aipeleke nyumbani. Vizazi vizima vya ufuoni vilipokea habari za misiba, karo na ndoa kwa njia hiyo.

Barua pepe nayo ilikuja na walinzi wake wa mlango. Katikati ya miaka ya 1990 huduma za intaneti zilianzia Nairobi, zikiwemo za Africa Online, iliyoasisiwa na Wakenya watatu waliosomea Marekani, na za kituo cha kompyuta cha ARCC cha Dkt. Shem Ochuodho, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, upande wa Homa Bay. Kumfungulia mteja mpya akaunti ilikuwa kazi ya fundi. Aliunganisha modemu na laini ya simu, akaandika namba ya kupiga, jina la seva ya barua zinazoingia, jina la seva ya zinazotoka, kisha neno la siri. Nukta moja ikikosewa, hakuna kinachofika. Seva ikibadilishwa, mteja hakuwa na la kufanya ila kumwita fundi tena.

Hotmail ya 1996 na Yahoo Mail ya 1997 ziliondoa mzigo huo: mtu alijaza fomu kwenye skrini, bure, akapata anwani. Saiba za Kisumu zikajaa. Baadaye simu za kisasa zikaanza kuitafuta seva zenyewe. Mwenye simu aliulizwa anwani na neno la siri, basi.

Ila wengi hawakuijaza fomu hiyo kwa mikono yao. Aliyeijaza ni kijana wa saiba au muuza simu, tena ndiye aliyechagua neno la siri. Kisha serikali ikahamia mtandaoni, mifumo yake ya iTax na eCitizen ikadai barua pepe, na mwalimu mstaafu akajikuta ana anwani asiyoweza kuifungua. Msimbo wa kuirejesha unatumwa kwenye laini aliyoipoteza miaka mingi iliyopita. Kijana aliyemsaidia ameshahama mji. Huo si uzembe wa mzee. Kazi ya kumfungulia ilifanywa upesi, na hakuna aliyekaa naye dakika tano kumkabidhi kilicho chake.

Upande wa sanduku la posta, katikati ya miaka ya 2010 Posta ya Kenya ilianza kutumia MPost, huduma inayofanya namba ya simu kuwa anwani ya posta. Kifurushi kikifika, ujumbe huingia katika simu ya mwenyewe, iwe yuko Dunga au Usenge, bila kupitia kwa mwalimu mkuu.