Daftari la Paka na Mbwa: Kodi au Amana?

Mbwa hulala barazani kwa mtu mwaka mzima. Hula makombo ya nyumba ile, hubweka usiku akipita mgeni, na mwenye nyumba hujisifu kwamba tangu aje mbwa yule hajapotelewa hata na kuku. Siku mbwa akimuuma mtoto wa jirani, na watu wakaja kuuliza, jawabu hutoka upesi: "Si wangu yule, huja tu hapa kula." Na paka ni hivyo hivyo. Hupendwa maadamu anakamata panya. Akizaa watoto watano, hutiwa kikapuni pamoja na wanawe wakaenda kutupwa sokoni usiku, asijue mtu ni nani aliyewatupa.

Basi nani wa kumjibia mnyama? Serikali nyingi zimejaribu kulijibu swali hili kwa kalamu na daftari: mabaraza ya miji yakaandika mbwa, kisha na paka, na jina la mwenye kila mmoja. Mahali pengine daftari hilo limeleta kheri, na mahali pengine limeleta bunduki. Yafaa tuitazame historia yake, kwani ndani yake mna mafunzo hata kwa sisi wa pwani.

Yaliyotangulia katika dini yetu

Sote tumesikia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhini. Na tumesikia ya mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji khofu yake na kumnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Tuangalie vyema hadithi ile ya kwanza. Mwanamke yule alipomfunga paka alikwisha kumchukua dhamana. Tangu saa ile riziki ya paka ilikuwa juu yake, na kwa hiyo ndiyo alivyoulizwa.

Wanazuoni wakalifafanua jambo hili. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alizitaja haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe hata akizeeka au akiugua hata asiwe na faida tena, na asimtwike asichokiweza.

Katika mji huo huo wa Cairo, Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hata 1277, aliweka wakfu shamba karibu na msikiti wake ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, alieleza kuwa shamba lile lilikuwa limeuzwa mara kwa mara na waliokabidhiwa, hata likawa halitoi ila kodi ndogo mno ya mwaka. Hata hivyo paka walikuwa bado wanalishwa kila alasiri katika ua wa mahakama, na gharama kubwa akiibeba kadhi, kwa kuwa yeye kwa cheo chake ndiye mlinzi wa wakfu zote. Miaka zaidi ya 500 ilikuwa imepita. Mali ilikwisha kuliwa, lakini amana ilikuwa na mtu wa kuijibia, na paka wakala.

Kodi ya mbwa Uingereza

Katika Uingereza mambo yaliingia kwa mlango wa hazina. Mwaka 1796 nchi ilikuwa vitani na Ufaransa na nafaka ilikuwa haba. Bunge likapitisha kodi ya mbwa. Mbunge mmoja, John Dent, alilipigania sana jambo hilo, akilalamika juu ya chakula wanacholiwa na mbwa na juu ya kichaa chao, hata watu wakambandika jina la mbwa. Mwaka 1867 ikaja leseni ya shilingi 5 kwa mbwa kila mwaka, na mwaka 1878 ikapandishwa kuwa shilingi 7 na peni 6. Mapema katika karne ya 20 kazi ya kuitoza ikatiwa mikononi mwa mabaraza ya majimbo. Paka hakuandikwa kabisa.

Karne nzima ikapita. Bei ya kila kitu ikapanda, ada ile ikabaki pale pale. Ilipokomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa peni mpya 37 tu. Yakadiriwa kuwa nusu ya wenye mbwa hawakuwa wakilipa, na gharama za kuikusanya zilikuwa zimezidi pato lake. Katika sehemu zote za Ufalme ule, ni Ireland ya Kaskazini peke yake iliyobakisha leseni, nayo hutolewa na mabaraza ya wilaya.

Tena, kichaa cha mbwa hakikuondoka Uingereza kwa leseni. Kiliondoka mwaka 1902 kwa amri za kuwafunga mbwa midomo, kuwakamata wazururao na kuwaweka karantini watokao ng'ambo. Kilirudi mwaka 1918, kikaondolewa tena mwaka 1922. Daftari la leseni lilikuwa la risiti. Lilijua nani amelipa, wala halikuuliza kama mbwa amekula au ameugua.

Bunduki za Hokianga

Waingereza waliihamisha kodi hii hata New Zealand, ambako sheria ya kuandikisha mbwa ilitungwa mwaka 1880. Huko kaskazini, katika wilaya ya Hokianga, baraza la wilaya lilidai shilingi 2 na peni 6 kwa kila mbwa. Wenyeji wa nchi, yaani Wamaori, waliwatumia mbwa kuwindia, na fedha taslimu mikononi mwao ilikuwa kidogo mno. Ardhi yao ilikuwa imekwenda sehemu kubwa, na sasa wahesabiwa mbwa wao. Kiongozi wao, Hone Toia, alionya kuwa wakiisha kutozwa mbwa, watatozwa watu.

Mwezi wa Mei mwaka 1898 watu wake walishika silaha wakauendea mji wa Rawene. Serikali ikapeleka askari. Lau si kuingia kati kwa mbunge wa Kimaori, Hone Heke Ngapua, aliyewasihi waweke silaha chini, damu ingalimwagika kwa sababu ya nusu ya shilingi 5. Hone Toia na wenziwe walifungwa jela. Wazee wetu waliotozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa wakati wa ukoloni wasingalihitaji kufafanuliwa hofu ile.

Daftari la namna nyingine

Sasa twende nchi jirani na hiyo, Australia, katika jimbo la New South Wales. Mwaka 1998 jimbo hilo lilitunga sheria mpya ya wanyama wafugwao majumbani. Safari hii paka aliandikwa pamoja na mbwa. Kila mmoja hutiwa chini ya ngozi kidude kidogo mfano wa punje ya mchele, chenye namba yake peke yake. Namba hiyo na jina la mwenye mnyama huingizwa katika daftari moja la jimbo zima, na mabaraza ya miji ndiyo yenye kuandikisha. Ada ya mbwa hulipwa mara moja kwa uhai wake wote. Mnyama aliyehasiwa ada yake ni ndogo, ili wasizaliwe wengi wa kutupwa, na mzee anayeishi kwa pensheni hupunguziwa.

Mbwa akipotea, ofisa wa baraza huisoma namba ile kwa chombo akajua nyumbani kwake. Akishikwa mbwa ambaye mwenyewe hajulikani, baraza humngoja siku 7, kisha lina ruhusa ya kumuuza au kumuua. Yule ambaye mwenyewe anajulikana na amepelekewa habari, hungojwa siku 14. Mnyama hana ulimi wa kusema kwao ni wapi. Daftari likamsemea, akapata wiki nzima ya uhai zaidi.

Nalo lina kasoro zake. Watu huhama wasitoe habari, namba ikabaki na anwani ya nyumba walimokwisha kutoka. Kwani daftari hufuata ukweli wa mwenye kuandikisha.

Na sisi je?

Huenda msomaji akasema: haya ni ya watu wanaolala na mbwa kitandani, yatuhusu nini? Hatusemi mbwa aingizwe majumbani. Mate yake katika madhehebu yetu ni najisi nzito, na hukumu hiyo haibadiliki. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa, na aliyeruhusiwa kufugwa ana haki juu ya mfugaji.

Tena kuna roho za watu. Kichaa cha mbwa dalili zake zikisha kumdhihirikia mtu, ni mara chache mno kupona. Aliyeumwa na aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali apate chanjo. Kuosha kwa ajili ya najisi ni jambo lake, na dawa ni jambo lake. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa njia. Lakini utawajuaje 70 usipowajua 100? Na utawajuaje 100 ikiwa kila mwenye mbwa asema si wangu?

Kisiwa cha Pemba kimetuonyesha kuwa yawezekana. Kwa kuwachanja mbwa kisiwani na kufuatilia habari za walioumwa, kichaa kiliondoka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka bara, chanjo ikarudiwa kisiwa kizima, na mwaka 2018 kikaondoka. Kila mbwa aliyechanjwa alipelekwa na mtu aliyekubali kusema, huyu ni wangu.

Basi wakuu wa mabaraza wakitaka watu waandikishe wanyama wao, na waanze kwa chanjo na huruma, wasianze kwa kutoza. Waliyoyaona Waingereza na watu wa Hokianga yanatosha. Nasi tusingoje mabaraza. Mwenye paka na amlishe, wala asiwatupe wanawe gizani. Mwenye mbwa na ampeleke kuchanjwa, aihifadhi kadi yake, na siku ya shida atoke mbele aseme ni wake.

Mtu aweza kumkana mnyama wake mbele ya ofisa wa baraza, akasalimika na faini. Lakini kulia kwake na kushoto kwake wako waandishi wawili watukufu, na daftari lao halina mnyama asiye na mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.