Seli iliyoitikia kivuli

Paka alikuwa amelala usingizi wa dawa, macho yameachwa wazi mbele ya skrini. Kisogoni, katika sehemu ya ubongo inayopokea habari kutoka machoni, alikuwa amechomekwa sindano ya tangsteni iliyonolewa ikawa nyembamba kiasi cha kunasa umeme wa seli moja tu ya neva. Sindano iliunganishwa na spika. Kila seli iliposhtuka, chumba kilisikia mlio mkavu: tak.

Ulikuwa mwaka 1958, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Waliokuwa wakisikiliza ni wawili: David Hubel, Mkanada aliyeibuni sindano ile, na Torsten Wiesel, Msweden aliyekulia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ambako baba yake alikuwa daktari.

Walikuwa katika maabara ya Stephen Kuffler. Miaka mitano nyuma, Kuffler alikuwa ameonyesha kwamba seli za retina ya paka huitikia vidoa: mwanga uliozungukwa na giza, au giza lililozungukwa na mwanga. Vijana wale wakadhani ubongo nao utataka vidoa. Wakatumia bamba la shaba lenye tundu kutoa doa jeupe, na kioo kilichobandikwa kidoa cheusi. Saa zikapita. Seli haikujali.

Mara, walipokuwa wakipachika kioo kwenye projekta, spika ikarindima kama bunduki ya rashasha. Wakarudia, ikarindima tena. Kile kidoa hakikuhusika hata kidogo. Kilichoiamsha seli ni kivuli hafifu cha ukingo wa kioo, mstari tu uliokatiza skrini. Tena si mstari wowote: ukiinama upande fulani seli iliita, ukigeuzwa ilinyamaza. Walikaa na seli hiyo moja takriban saa 9. Wengi husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi huvutiwa zaidi na zile saa 9, kwa sababu mtu aliyechoka angesema mitambo ina hitilafu, akazima taa akaenda kulala.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1959, na mwaka huohuo wakahamia Harvard. Huko waligundua kwamba seli hizi zimepangwa kwa utaratibu wa ajabu. Sindano ikishuka wima ndani ya gamba la ubongo, seli zote njiani hupenda mistari ya mwinamo mmoja. Ikisogezwa pembeni kidogo, mwinamo nao hugeuka kidogo, hatua kwa hatua, kama mshale wa saa. Ubongo, kumbe, haupokei picha kamili kutoka jichoni. Huanza na kingo na mistari, kisha huijenga dunia kutokana na hizo.

Kisha likaja jaribio gumu kulisoma. Walishona kope za jicho moja la paka wachanga, wakazifungua baada ya miezi kadhaa. Jicho lilikuwa zima, lakini karibu seli zote za gamba la ubongo zilikuwa zimelisahau, zikiitikia jicho la pili pekee. Paka mkubwa alipofungwa jicho kwa muda mrefu hakudhurika hivyo. Kwa paka mchanga, hata siku chache za giza katika wiki ya nne au ya tano ya maisha zilitosha kuleta madhara.

Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na Roger Sperry. Lakini kazi yao inagusa zaidi wodi za watoto. Zamani mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho aliweza kusubiri miaka kabla ya upasuaji. Jicho likasafishwa vizuri, naye asione sawasawa maisha yake yote, na wazazi wasielewe kwa nini. Leo daktari wa macho akikuta weupe kwenye mboni ya kichanga, haambii mama arudi mtoto akikua. Huhesabu wiki.