Mlima Ndani ya Saluni

Mama mmoja mwenye saluni mtaani Umoja aliniomba nimtengenezee ukurasa wa wavuti. Nikafungua kiolezo kilichokwisha kupambwa. Katikati palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye vilima viwili na jua dogo, na chini yake aya nzima ya maneno asiyoyaelewa.

"Kijana wangu," akaniuliza, "huu mlima unatafuta nini kwa saluni yangu? Na hiki ni Kizungu gani?"

Nikamweleza kwamba mlima ni alama ya picha tu, na maneno yale ni Kilatini kilichovurugwa, chimbuko lake kitabu cha mwandishi wa Kirumi, Cicero, cha mwaka 45 kabla ya Kristo. Wachapaji hukitumia kujazia nafasi. Akacheka. "Si wangeandika tu, 'Weka picha ya nywele hapa'?"

Kwa swali hilo alikuwa ameugusa moyo wa usanifu wa vishika nafasi. Nafasi iliyoachwa wazi inapaswa kumwambia mtu kinachokosekana, nani wa kukileta, na aanzie wapi. Sisi tumekuwa tukiacha nafasi za namna hiyo tangu kabla ya kompyuta.

Tazama kanga. Pindo huzunguka pande nne, mji hukaa katikati, na upande wa chini hutengwa kisanduku cha jina. Rangi na maua hubadilika kila toleo, lakini mnunuzi akiikunjua tu, jicho lake linajua jina liko wapi. Tena ufinyu wa mahali pale humfundisha mtunzi kusema kwa ufupi. Hata hivyo, anayeivaa haandiki; huchagua lililokwisha kuandikwa.

Mtaani Dandora, Nairobi, walifuata njia nyingine. Katika mradi ulioanza mwaka 1975, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia walipima viwanja kama 6,000. Wengi waliopewa viwanja hawakukabidhiwa nyumba, wala hawakuachiwa ardhi tupu. Walikuta choo na bafu vimeshaunganishwa na maji na bomba la majitaka. Wengine waliongezewa jiko na stoo. Vyumba ulijenga mwenyewe, kimoja kimoja, kadiri pesa zilivyopatikana. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa mradi ulikuwa umeleta kibaba chenyewe. Ulimpa mwananchi kile ambacho hawezi kukifanya peke yake, yaani mabomba, ukamwachia anachokijua kuliko mhandisi yeyote: familia yake inahitaji vyumba vingapi, na kipi kitapangishwa.

Lakini kibaba nacho kina ukingo. Leo viwanja vingi vya Dandora vimebeba maghorofa, na mabomba yaliyopimiwa ua mmoja yanahudumia jengo zima. Nafasi ile ilieleza vizuri pa kuanzia. Pa kukomea haikupalinda.

Vihariri vya kurasa za wavuti vimegawanyika vivyo hivyo. WordPress 5.0, iliyotoka Desemba 2018, ilileta uhariri wa vipande. Kipande cha picha kikiwa bado kitupu huonyesha fremu, jina lake, na vitufe vya kupakia picha au kuichagua kwenye maktaba. Hiyo ni Dandora: bomba limefika, vyumba ni vyako. Kiolezo kilichopambwa kiko karibu zaidi na duka la kanga. Kinakuonyesha vazi lililokamilika, nawe unaogopa kuligusa.

Sikikatai kiolezo; asiyewahi kuona ukurasa uliokamilika anahitaji mfano. Kosa huanza pale pambo la muda linapofanana mno na kitu cha kudumu. Mwenye ukurasa hulipita bila kuliona, na Kilatini hutoka hadharani chini ya jina la biashara yake. Kitupu kionekane kitupu, na kiseme lugha ya atakayekijaza.

Basi tukafuta milima. Kwenye kisanduku cha kwanza nikaandika, "Picha ya msuko uliosuka wiki hii." Cha pili, "Bei, pamoja na nywele au bila." Kabla sijafika cha tatu, mama alikuwa ameshatoa simu, anapekua picha zake. "Ngoja," akasema, "huyu wa Jumamosi alitoka vizuri kuliko wote."