Uzalishaji wa msimbo kutoka majedwali ya hitilafu

Ni njia ya kuunda programu ambayo jumbe za hitilafu hukusanywa katika faili moja lenye safu za namba, jina, uzito na maelezo, badala ya kutawanywa ndani ya msimbo. Programu ndogo, yaani kizalishi, husoma faili hilo na kuandika msimbo wa chanzo, unaopita kwenye kompaila pamoja na ule wa mkono.

Chombo cha mapema kinachojulikana sana ni compile_et cha chuo cha MIT, kinachotumiwa na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji. Jina la jedwali, lisilozidi herufi nne, hugeuzwa kuwa biti 24 za mwanzo wa namba. Biti 8 zinazobaki hutosha hitilafu 256. Ndiyo maana namba za Kerberos zinatisha kuzitazama: -1765328378 maana yake tu ni kwamba mtumiaji hakupatikana kwenye hifadhidata. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo hutoa msimbo wa C pamoja na ukurasa wa mwongozo kutoka faili moja, errcodes.txt.

Huko Lualaba, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, majedwali ya aina hii hutembea barabarani. Malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa, mengi yana injini za dizeli zinazofuata kanuni ya SAE J1939. Kila hitilafu huja kama biti 32: 19 hutaja kilichoharibika, 5 hutaja namna kilivyoharibika, 7 huhesabu imetokea mara ngapi, na 1 huonyesha mpangilio wa namba yenyewe. Namba 110 ni joto la maji ya injini, 100 ni presha ya oili. Namna 0 ni kuzidi kiwango hadi hatari, 1 kushuka mno, 4 volteji ndogo au waya uliopiga shoti, 5 waya uliokatika. Kwa hiyo 110 na 0 ni injini inayochemka: izimwe upesi. Ila 110 na 4, rejeta huenda ni nzima kabisa, fundi aanze na waya wa kihisio. Dereva aliyekwama porini kabla ya Likasi anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na taa nyekundu peke yake haimwambii.

Namba hizo ni maelfu. Zikiandikwa kwa mkono kwenye kompyuta ya injini, kisha kwenye skrini ya dereva, kifaa cha fundi na kitabu cha karakana, haichukui muda zitaanza kupingana. Zikitoka katika mstari mmoja, hupatana. Hata lugha huwa ni safu tu: Kifaransa cha ofisini, Kichina cha baadhi ya wenye migodi, Kiswahili cha karakanani. Kizalishi kinaweza kuamriwa kigome kutoa programu iwapo safu ya Kiswahili ina pengo, jambo ambalo msimamizi mwenye haraka angelipuuza.

Faili lililozalishwa halihaririwi kwa mkono, kwa kuwa uzalishaji unaofuata utafuta marekebisho yote. Namba iliyoachwa nayo haipewi hitilafu nyingine. Mstari wake hubaki na alama ya kutotumika, maana lori la zamani lenye programu ya zamani bado litaitoa namba ileile kwa fundi mwenye kifaa kipya.