Wenyeji na Wageni Chini ya Mlima Meru

Chini ya Mlima Meru, katika mji wa Arusha, ulioinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, umesimama uwanja wa soka uliopewa jina la marehemu Sheikh Amri Abeid Kaluta, mshairi na waziri aliyefariki mwaka 1964. Na timu itokayo pwani, ikipanda huko mwezi wa Julai, hukabiliwa na hewa hafifu na baridi kabla ya kuwakabili wenyeji. Walakini fadhila hiyo ya maumbile haikuwatosha JKT Oljoro, waliocheza Ligi Kuu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwani Simba au Yanga wa Dar es Salaam walipozuru Arusha, wengi miongoni mwa watazamaji, ijapokuwa ni wakazi wa mji huo huo, waliwashangilia wageni. Na hiyo, kwa rai yangu, ni dhulma kwa timu ya mji. Kushinda ugenini, baada ya zaidi ya kilomita 600 za barabara hadi Dar es Salaam, kulikuwa taabu juu ya taabu. Ndiyo sababu namtukuza mwanariadha Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, akishindana na John Walker mbele ya umma wa nchi yake Walker, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2.